Kwa nini kilo hurudi baada ya kujinyima chakula

WAKAZI wa Maweni, kijiji cha wachonga mawe kisiwani Manda, hukata matumbawe kwa zana za mkono chini ya jua kali, na mawe hayo huvushwa kwa vyombo hadi Lamu kujengewa nyumba. Mtu akiitazama kazi hiyo ni rahisi aamini kwamba unene ni ugonjwa wa wavivu, na kwamba atakayetoka jasho na kula kidogo atakonda na kubaki hivyo maisha yake yote. Imani hiyo imewapotosha wengi, na kuwatia aibu wasiyostahili.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliopita kiasi, wanawake wakiwazidi wanaume zaidi ya maradufu. Unene huo huandamana na kisukari na shinikizo la damu, maradhi yanayotaka kufuatiliwa mwezi baada ya mwezi. Kwa mkazi wa Manda hilo si jambo dogo, kwani hospitali kuu ya King Fahd iko Lamu, ng'ambo ya mkondo, na kila safari ya kliniki ni nauli ya mashua.

Mfano wa kilo zinazorudi hauko mbali. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi za Kiislamu zinaonyesha kuwa mwezi wa Ramadhani mfungaji hupungua kwa wastani wa kilo moja hivi, na kwamba wiki chache baada ya Idi sehemu kubwa ya uzito huo hurejea. Saumu ni ibada, haikuwekwa kwa ajili ya kupunguza mwili, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Lakini daieti nyingi zina umbo hilohilo: zina siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

Kinachotokea katikati kilichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, miaka ya 1944 na 1945. Wanaume 36 waliojitolea walilishwa takriban nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mioyo yao ilipiga polepole, walihisi baridi, na mazungumzo yao yakawa ni chakula tu. Waliporuhusiwa kula walikula bila kushiba, na wengi wakarudisha mafuta mwilini kuliko waliyokuwa nayo mwanzo. Mwili haujui kuwa mwenyewe ana harusi mwezi ujao. Unachotambua ni kwamba njaa imeingia nchini.

Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walieleza sababu mojawapo. Waliwafuatilia watu 50 waliopunguzwa uzito kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, ghrelini, homoni inayoamsha njaa, ilikuwa bado juu, na leptini, inayouarifu ubongo kuwa akiba ya mafuta inatosha, ilikuwa bado chini. Hao hawakuwa walafi. Walikuwa na njaa ya kweli, mwaka mzima baada ya daieti kwisha.

Je, mazoezi peke yake? Jirani wa kuulizwa ni Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Wanaume wao hutembea kwa wastani zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Herman Pontzer na wenzake walipopima nguvu wanayotumia, walitangaza mwaka 2012 kuwa, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingineko. Mazoezi yanafaa moyo, sukari na usingizi, na husaidia uzito uliopungua usirudi. Kupunguza kilo nyingi yenyewe kwa yenyewe hayawezi.

Njia yenye matumaini zaidi ni kubadili aina ya chakula kabla ya kuhangaikia kipimo. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwapa watu 20 vyakula vya viwandani kwa wiki mbili na vyakula vya kawaida kwa wiki mbili nyingine, kila mmoja akiruhusiwa kula atakacho. Vya viwandani viliwafanya wale takriban kalori 500 zaidi kila siku, bila kukusudia. Samaki, mbaazi, mchicha na matunda ni chakula cha pwani tangu jadi. Soda, biskuti na chai ya vijiko vinne vya sukari ndivyo vya kuanza kupunguzwa, tena bila tarehe ya kumaliza.

Shabaha nayo iwe ndogo. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokaribia kupata kisukari walishirikishwa. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipata kisukari kwa asilimia 58 chini ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 10 sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imerudi, lakini hatari ya kisukari ilikuwa ingali chini kwa asilimia 34.

Dawa mpya kama semaglutaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya unene, hupunguza njaa yenyewe. Hata hivyo walioiacha walirudisha, katika mwaka mmoja, theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Ni tiba ya muda mrefu, kama ya shinikizo la damu, na huandikwa na daktari.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amwone mhudumu wa afya kabla ya kupunguza chakula, kwani kipimo cha dawa alichozoea chaweza kuishusha sukari hadi akazimia.