Tochi ya babu, limau, na Sanamu ya Uhuru

Jumapili, saa nne usiku, chumbani

Najua nimepotea wiki mbili nzima, testi zilinibana na boom likachelewa, ikawa hata hamu ya kuandika sina. Leo nimerudi na kosa langu mwenyewe pamoja na historia kidogo, maana kosa hilo ndilo lililonipeleka maktaba.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba la mkonge huko Muheza. Alipofariki, mama alinipa tochi yake, ile ndefu inayotumia mawe mawili makubwa. Akasema "itunze" tu, hakuongeza neno. Ni ya shaba ya manjano iliyopakwa nikeli juu, lakini sehemu ambayo mkono wake ulikuwa ukishika, nikeli ilishalika na shaba ya ndani ikawa kahawia. Ukiigeuza kwenye mwanga ulikuwa unaona kabisa kiganja cha mtu, na pembeni ya swichi alama ya dole gumba.

Jumamosi iliyopita rumeti akaniambia, "Mwanangu, hilo lidude limechoka." Bila kufikiri nikachukua limau, magadi soda na waya wa kusugulia masufuria. Dakika ishirini tu, likang'aa kama pete ya harusi. Ndipo nikaona dole gumba la babu halipo. Na mama anakuja mwezi ujao.

Haya, tuje kwenye historia. Tochi ya kushika mkononi si kitu cha zamani sana. Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi New York, David Misell, alipata hataza ya tochi yake tarehe 10 Januari 1899, na iliyotengeneza ni kampuni ya Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Minsk. Zile za mwanzo zilikuwa bomba la karatasi ngumu lenye shaba ya manjano kwenye ncha. Mawe yake yalikuwa dhaifu, hata ukiwasha inabidi uizime ipumzike, na ndiyo maana Wamarekani wakaiita kwa jina la kumweka mweko. Sisi jina tumelitoa kwa Waingereza, ambao waliiita kwa neno lao la mwenge.

Hilo neno mwenge ndilo lililonipoteza njia, maana mwenge wa shaba maarufu kuliko yote duniani uko New York hiyohiyo, mkononi mwa Sanamu ya Uhuru. (Kwa Kiswahili shaba ni shaba, iwe nyekundu au ya manjano iliyochanganywa na zinki. Kwenye sanamu nazungumzia ile nyekundu.)

Ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa na rangi kama senti mpya, si kijani mnayoijua. Mabati yake yana unene wa milimita 2.4 hivi. Kwanza hewa ikaifanya kahawia, ambayo ni oksaidi, kisha ikawa nyeusinyeusi, halafu salfa ya moshi wa makaa pamoja na unyevu na chumvi ya bahari vikaileta kutu ya kijani. Kufika mwaka 1906 kijani kilishatanda, watu wakaona aibu. Bunge la Marekani likatenga zaidi ya dola 62,000 za matengenezo, na habari zikaenea kwamba wanataka kuipaka rangi yote. Wananchi wakaja juu. Wahandisi wa jeshi wakaichunguza wakasema iacheni, hilo gamba la kijani ndilo linaloikinga shaba ya ndani. Nje haikupakwa, ikapakwa ndani tu. Na walikuwa sahihi: kwa miaka 100 mabati hayakupungua hata robo ya milimita.

Kilichoumia ni mwenge wenyewe, tena kwa mikono ya watu. Walitoboa matundu ya taa kabla tu ya uzinduzi, yakaongezwa baadaye, na mwaka 1916 msanii Gutzon Borglum akakata sehemu kubwa ya shaba ya ule moto akaweka vipande vya vioo. Mvua ikaingia tangu siku hizo. Mwaka 1984 ukashushwa, ukatengenezwa mwingine wenye ngozi ya dhahabu, na ule wa zamani tangu 2019 uko kwenye jumba jipya la makumbusho hapohapo kisiwani.

Sasa sikieni hii iliyonifanya nicheke peke yangu maktaba. Kwenye ukarabati huo wa miaka ya 1980 walitaka kutoa lami iliyokuwa imepakwa ndani. Walitumia nini? Magadi soda! Waliyapuliza kwa mashine, lami ikatoka bila kukwaruza shaba. Ila unga ukapenya kwenye maungio hadi nje, ukaanza kulibadilisha lile gamba la kijani kuwa bluu, ikabidi waoshe haraka. Kwa hiyo hata wataalamu, jamani.

Kuhusu tochi, siku hizi wapo watu wanaonunua za shaba nyekundu tupu makusudi. Ni nzito mara tatu kuliko za alumini lakini zinasafirisha joto la taa vizuri sana. Wengine wanaipaka nta ibaki inang'aa, wengine wanaifungia kwenye mfuko na yai la kuchemsha, salfa ya yai iifanye kahawia kwa usiku mmoja. Rumeti alipendekeza tuijaribu hiyo kwa ya babu. Nikakataa. Nitapata kahawia, ndiyo, lakini ya yai.

Nilichofanya ni kuiosha kwa maji na sabuni, nikaikausha hadi ndani, na mawe nimeyatoa. Hilo la mawe ni muhimu kuliko yote kwenye tochi ya zamani: jiwe likiisha, zinki yake inalika, dawa inavuja, na shaba inaliwa kwa ndani wakati wewe unahangaika na ya nje. Nje sipaki kitu. Nitaitumia umeme ukikatika, kwa mkono wangu huu wenye jasho.

Jioni nimempigia mama nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akauliza kama bado inawaka. Nikasema inawaka. Akasema basi nimwekee mawe mapya akija, anataka kuiona usiku, si mchana.

Lekcha saa moja asubuhi na desa sijashika. Usiku mwema.