Toyota Mark II nchini Tanzania

Toyota Mark II ni gari la abiria lililotengenezwa na kampuni ya Toyota ya Japani kuanzia mwaka 1968 hadi 2004. Lilitolewa kama saluni na, kwa vipindi mbalimbali, kama stesheni wagoni. Nchini Tanzania hununuliwa kama gari la familia lililotumika. Kwa kuwa saluni zote za jina hili zina umri wa zaidi ya miaka 20, hali ya gari lenyewe na nyaraka zake zina uzito kuliko sifa ya jina.

Matoleo

Gari hili lilianza kwa jina la Corona Mark II. Matoleo yanayojulikana zaidi Tanzania ni X100 (1996–2000) na X110 (2000–2004). Mafundi na wauzaji huyaita "GX 100" na "GX 110". La pili huitwa pia "Grand Mark II", kutokana na daraja la Grande. Toyota Chaser na Cresta za miaka ya 1996–2001 ni ndugu wa X100, na Verossa ni ndugu wa X110. Nafasi ya Mark II ilichukuliwa na Mark X mwishoni mwa 2004.

Kuna stesheni wagoni mbili za karibuni. Mark II Qualis (kuanzia 1997) ilijengwa juu ya Camry Gracia na huvutwa na magurudumu ya mbele, hivyo spea zake nyingi si sawa na za saluni. Mark II Blit (2002–2007) ilitokana na X110.

Namba ya chasisi hutambulisha gari. Herufi GX humaanisha injini ya 1G-FE ya sentimita za ujazo 1,988. Herufi JZX kwa kawaida humaanisha injini ya aina ya 1JZ ya sentimita za ujazo 2,491. Namba 100 na 110 ni za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na 105 na 115 ni za magurudumu yote manne.

Ununuzi katika mkoa wa Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Mji wa Tunduma uko mpakani, mkabala na Nakonde ya Zambia, na kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa hapo mwaka 2019. Magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo na Zimbabwe hupita Tunduma kwa barabara ya TANZAM. Hujulikana kama "magari ya IT".

Magari hayo hayajalipiwa ushuru wa Tanzania. Kuyauza ndani ya nchi ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na gari laweza kukamatwa hata kama mnunuzi amelipa bei yote. Gari lenye usajili wa Zambia nalo haliwi la Tanzania kwa kuuziana tu. Ni lazima lilipiwe ushuru na kusajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kwa sababu hiyo ukaguzi wa nyaraka hutangulia ule wa injini. Namba za chasisi na injini zilizogongwa kwenye gari zinapaswa kulingana na kadi ya usajili, na jina la muuzaji lilingane na la mmiliki. Madeni ya faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya gari katika mfumo wa polisi.

Herufi tatu za mwisho za namba ya gari huonyesha mfuatano wa kusajiliwa Tanzania, si mwaka wa kutengenezwa. Gari lenye herufi za karibuni laweza kuwa na umri uleule na lenye herufi za zamani, ila lilichelewa kuingia nchini.

Ukaguzi wa gari

Injini hukaguliwa ikiwa baridi. Asubuhi za Tunduma, hasa Juni na Julai, hufaa kwa kazi hiyo. Injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huweza kuficha ugumu wa kuwaka, moshi wa buluu au mlio wa mwanzo. Oili iliyochanganyika na maji huashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Injini za 1G-FE na 1JZ hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa kilomita za dashibodi huweza kurudishwa nyuma, mkanda usio na kumbukumbu huhesabiwa kuwa haujabadilishwa, na gharama yake huingizwa katika mapatano ya bei. Injini ya 1JZ-FSE, maarufu kama D4, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu yake ya presha ni ghali na haivumilii mafuta machafu.

Gia otomatiki inapaswa kuingia bila kuchelewa wala kupiga kishindo. Rejeta, bushi, boljointi na shokamzoba huchoka kwa umri hata kama gari limetembea kidogo. Magari yaliyotoka maeneo ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, huweza kuwa na kutu chini ya bodi, na yale ya magurudumu manne huhitaji kuangaliwa zaidi kwa hilo. Kwenye Blit, sehemu ya nyuma ikiining'inia bila mzigo huashiria springi au shokamzoba zilizochoka.

Jaribio la barabarani linapaswa kuwa na kilima na mteremko. Kupanda huonyesha nguvu ya injini na joto lake. Kushuka huonyesha diski za breki zilizopinda, ambazo hutikisa usukani.

Matumizi

Mark II hufaa zaidi barabara za lami kama ile ya Tunduma–Vwawa–Mbeya. Kwa kuwa chini yake hubaki takriban sentimita 15 tu, njia za udongo za vijijini Mbozi na Ileje wakati wa masika huliumiza. GX 110 hutumia petroli kidogo kuliko JZX, na spea za injini yake hupatikana pia kutoka Toyota Altezza na Crown za injini ya 1G-FE.