Hori ya Mida

Hori ya Mida ni mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi, Kenya. Imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na mwaka 1979 UNESCO iliitambua Malindi-Watamu kuwa hifadhi ya bayongahewa.

Maji yanapokupwa, tope na mchanga huachwa wazi, nao ndege wa majini hushuka kutafuta kaa, chaza na minyoo. Vitwitwi wengi huhamia hapa kutoka kaskazini, baadhi wakitokea Siberia, na idadi yao huwa kubwa kati ya Septemba na Aprili. Anayetafutwa zaidi ni ndege mla-kaa (Dromas ardeola), mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia magamba. Huzaliana Uarabuni na pwani jirani, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai jeupe.

Watazamaji huja na darubini maji yakianza kujaa, kwani ndege husukumwa kuelekea ufukweni. Wapo wanaopita kwenye daraja la mbao lililojengwa katikati ya mikoko, linaloishia kwenye kibanda cha kujificha.