Vitabu Vikuukuu vya Shule za Shamba za Fairbridge

Mtu akusanyaye vitabu vikuukuu juu ya shule za shamba za Fairbridge hugundua upesi kwamba rafu yake ina pande mbili zisizosemezana. Upande mmoja umeandikwa na waanzilishi. Wa pili umeandikwa kwa ajili ya watoto wenyewe, na mara nyingine nao.

Kingsley Fairbridge alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1885, akakulia Umtali, ambayo leo ni Mutare, Zimbabwe. Mwaka 1909, akiwa mwanafunzi Oxford, alianzisha chama cha kuwahamisha watoto maskini wa Uingereza hadi makoloni: wavulana wafunzwe ukulima, wasichana kazi za nyumbani. Shule ya kwanza ilianza 1912 huko Pinjarra, Australia Magharibi. Yeye alifariki 1924; baadaye zikafunguliwa nyingine karibu na Duncan, Kanada (1935), na Molong, Australia (1938).

Upande wa kwanza wa rafu unasimama juu ya vitabu viwili: tawasifu yake, iliyochapishwa 1927, na kitabu cha mjane wake, Ruby, juu ya Pinjarra, cha 1937. Katika tawasifu, kijana Kingsley anaitazama nchi ya Wamanyika na kuiona tupu, inayongoja wakulima, ilhali Waafrika wanapita kurasani kama watumishi. Ardhi isiyo na mwenyewe ilihitaji mtoto asiye na mwenyewe. Hapo ndipo neno yatima lilipofanya kazi kubwa. Wengi wa watoto hao walikuwa na mzazi aliye hai. Baadhi waliambiwa kwamba wazazi wamekufa. Msemaji wa Kiswahili atashtuka kidogo, kwani kwake yatima ni aliyefiwa, si aliyetengwa.

Upande wa pili ulichelewa. Margaret Humphreys wa Nottingham, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, aliasisi shirika la kuwatafutia wahamishwa hao jamaa zao mwaka 1987, akachapisha Empty Cradles mwaka 1994. David Hill, aliyepelekwa Molong mwaka 1959 mama yake akiwa hai, alitoa The Forgotten Children mwaka 2007. Serikali ya Australia iliomba radhi mwaka 2009, ya Uingereza mwaka 2010.

Hapana budi mkusanyaji avinunue vya pande zote mbili, na asiidharau nakala iliyochakaa. Yenye muhuri wa maktaba au maneno ya zawadi humfaa mwanahistoria kuliko iliyo safi, maana huonyesha sifa za shule hizo zilisomwa na nani.

Chuo cha Induna, karibu na Bulawayo, kilichodumu tangu 1946 hadi 1962, chastahili kutafutwa peke yake. Kilipokea watoto 276, wote weupe, nacho hakikuwafunza kushika jembe: Rhodesia kazi hiyo iliachiwa Waafrika, na wageni hao walitayarishwa kuingia tabaka la mabwana.

Lakini atakayetaka kujua nchi hizo zilikuwa za nani hana budi kuihama rafu hii. Pinjarra nayo haikuwa tupu. Mwezi Oktoba 1834, miaka 78 kabla ya shule, Gavana James Stirling aliongoza askari na polisi kuwashambulia Wabindjareb papo hapo, mtoni mwao.