Nani Alichora Kwanza? Mchoraji wa Awali na Taswira ya Kisangani

Utangulizi

Mtazamaji wa filamu huyajua majina ya waigizaji na pengine jina la mwongozaji. Ni nadra kumjua mtu aliyeketi na penseli miezi kadhaa kabla ya kamera kuwashwa, akabuni sura ya nyumba, vazi, chombo na mandhari ambayo wengine wataijenga. Katika makala haya tutamwita mtu huyo mchoraji wa awali. Michoro yake haikusudiwi kutundikwa ukutani. Ni maagizo kwa seremala, mshonaji na mpiga picha. Tunakusudia kuonyesha kwamba mwenye kuchora kwanza ndiye anayeamua, kwa kiasi kikubwa, jinsi mahali na watu wake watakavyoonekana. Historia ya Kisangani inatupa ushahidi wa jambo hilo.

Chimbuko la kazi hii

Kazi hii ilipata hadhi kubwa huko Hollywood mwaka 1939, William Cameron Menzies alipotambuliwa rasmi kuwa mbunifu wa mwonekano wa filamu nzima ya Gone with the Wind. Mwaka 1975 Ralph McQuarrie alianza kumchorea George Lucas picha za Star Wars, nazo zilisaidia kuishawishi kampuni ya 20th Century Fox igharimie filamu hiyo. Hapo mchoro uliitangulia kamera, ukaitangulia na fedha. Leo watengenezaji wa filamu, katuni za video na michezo ya kompyuta huwaajiri wachoraji wa aina hii.

Kisangani mbele ya kamera

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alifika katika Kongo ya Wabelgiji kupiga filamu ya The African Queen. Kambi ya wapiga filamu ilijengwa Biondo, kando ya Mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji ambao leo ni Ubundu, kusini ya Kisangani. Msimamizi wa sanaa alikuwa Wilfred Shingleton. Mashua ya hadithi ilikuwa ndogo mno kubeba waigizaji, kamera na taa kwa pamoja. Kwa hiyo mfano wake ulijengwa juu ya chelezo, na vyelezo vingine vikabeba taa na jenereta. Mtazamaji haoni vyelezo hivyo; huona watu wawili peke yao mtoni.

Tena haoni Kongo. Hadithi hiyo, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inasimulia mambo ya mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na kiini chake ni vita vya Ziwa Tanganyika. Sehemu nyingine zilipigwa Uganda na London. Hivyo msitu wa Kongo ulivishwa jina la nchi nyingine.

Mwaka 1958 Fred Zinnemann aliuleta ujumbe wake Stanleyville, yaani Kisangani yenyewe, kupiga The Nun's Story, filamu iliyotolewa mwaka 1959. Mbunifu wa mandhari alikuwa Alexandre Trauner, mzaliwa wa Budapest. Kwa sehemu za Ulaya, Trauner alibuni kuta za utawa zilizojengwa studio huko Roma. Katika filamu zote mbili wenyeji wa Kongo walionekana na walifanya kazi, lakini kalamu iliyopanga nini kionekane haikuwa mikononi mwao.

Ukumbusho

Isidhaniwe kwamba Kongo ilikosa wachoraji au fikra kuhusu picha. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipochunguza michoro ya mjini katika Shaba miaka ya 1970, walikuta wachoraji na wanunuzi wakiizungumzia kwa Kiswahili, na neno walilolitegemea ni ukumbusho. Mchoro mzuri ni ule unaomkumbusha mwenye nyumba jambo. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi aliichora historia ya nchi yake kwa mfululizo, na picha 101 zilichapishwa na Fabian mwaka 1996. Mfululizo huo hauishii katika yaliyopita, kwani picha zake za mwisho zinabuni yajayo. Hapo ukumbusho unakaribiana na kazi ya mchoraji wa awali: kuonyesha kisichokuwapo ili kijadiliwe.

Mzaliwa wa Kisangani

Mwaka uleule wa 1959, filamu ya Zinnemann ilipotolewa, alizaliwa mjini humo Barly Baruti. Mchoraji wa hadithi za katuni hufanya peke yake kazi ambazo filamu huwagawia watu wengi: huchagua nyuso, mavazi, vyombo, pembe ya kutazamia na mfuatano wa matukio. Baruti alishiriki kuanzisha karakana ya ACRIA mjini Kinshasa mwaka 1990, kwa ajili ya kuwafundisha vijana sanaa hiyo. Baadaye alichora mifululizo ya Eva K. na Mandrill kwa wachapishaji wa Ufaransa.

Linalotuhusu zaidi ni Madame Livingstone, kitabu alichokitoa mwaka 2014 pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Kisa chake ni vita vya Ziwa Tanganyika, vilevile vilivyoizaa The African Queen, na katikati yake yumo meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo mwaka 1927 ilipewa jina la Liemba. Katika filamu, Mwingereza na Mkanada ndio wanaoikabili meli ya adui. Katika katuni, afisa wa Kibelgiji hawezi kuendelea bila kiongozi wa njia, chotara wa Kiafrika anayejua nchi na ana siri yake mwenyewe. Ziwa ni lilelile; aliyebadilika ni mwenye kalamu.

Hitimisho

Tusidai kwamba mchoraji mzawa husema kweli daima na mgeni hupotosha daima. Hoja yetu ni ndogo kuliko hiyo, ila ina uzito: uamuzi kuhusu sura ya mahali hufanyika mapema, mezani, na asiyekuwapo wakati huo hawezi kuurekebisha kwa urahisi kamera ikishafika. Kijana wa Kisangani mwenye mkono mwepesi hana budi kujua kwamba ustadi wake ni kazi yenye mkataba, malipo na haki ya kutajwa jina. Nasi tunaoshughulikia Kiswahili tuna deni la kumpatia istilahi za kazi hiyo. Neno ukumbusho lilitoka kwa wachoraji wenyewe. Inafaa tuanze kwa kuwasikiliza.