Vibarua wa Rajasthan Waliodai Hesabu Hadi Bunge Likasikia

Tarehe 2 Desemba 1994, watu wa Kot Kirana, kijiji cha wilaya ya Pali katika jimbo kame la Rajasthan, magharibi mwa India, waliitwa kwenye mkutano wa hadhara usio na mgombea wala mgeni rasmi. Walioitisha mkutano walikuja na karatasi: nakala za madaftari ya vibarua, stakabadhi za vifaa vya ujenzi, na hati zilizothibitisha kwamba kazi za maendeleo za kijiji zilikuwa zimekamilika. Msomaji alitaja jina, siku alizofanya kazi mwenye jina na rupia alizolipwa, kisha akawauliza waliohudhuria kama ndivyo ilivyokuwa.

Katika mkutano huo na mingine iliyofuata vijiji vya jirani, majibu yalimiminika. Huyu hakuwahi kushika jembe kwenye mradi ule. Yule alikuwa mjini muda wote huo akitafuta riziki. Mwingine alikuwa amekwisha kufariki kabla kazi haijaanza, lakini daftari lilionyesha kwamba alilipwa. Hapo Kot Kirana, jengo la ofisi ya karani wa ardhi lilikuwa limekamilika kwenye karatasi, na kila mwenye macho aliona kwamba bado.

Miaka 11 baadaye India ilipata sheria ya haki ya kupata habari, mojawapo ya sheria zenye nguvu zaidi za aina hiyo duniani. Wanasheria waliiandika, wabunge wakaipitisha. Lakini waliodai kwanza walikuwa vibarua waliopunjwa ujira wao, wengi wao hawajui kusoma, pamoja na wanaharakati wachache waliokubali kuishi kijijini kama wanakijiji.

Kutoka ofisini hadi Devdungri

Anayetajwa zaidi katika historia hii ni Aruna Roy. Alizaliwa mwaka 1946, na mwaka 1968 akaingia katika utumishi wa juu wa serikali ya India, kazi ambayo maelfu ya vijana huishindania kwa mitihani migumu. Baada ya takriban miaka saba aliacha cheo hicho akaenda Tilonia, kijiji cha Rajasthan ambako mumewe, Bunker Roy, alikuwa ameanzisha mwaka 1972 kituo cha kuwafunza wanavijiji ufundi, afya na utunzaji wa maji. Kituo hicho baadaye kilijulikana kama Barefoot College.

Tilonia na vijiji vyake ndiko alikoonja mapambano ya ujira. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vibarua wa Harmara, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Naurti, walikataa kulipwa chini ya kima cha chini katika kazi za barabara zilizofunguliwa wakati wa njaa. Serikali ya jimbo ilishikilia kwamba kazi za msaada wa njaa hazibanwi na sheria ya mishahara. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1983 majaji wakaamua kwamba mwenye njaa naye anastahili ujira kamili. Naurti alijifunza kusoma ukubwani, na mwaka 2010 wanakijiji wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa baraza lao.

Mwaka 1987 Aruna Roy alihamia Devdungri, kijiji kidogo cha wilaya ya Rajsamand, akiwa na Nikhil Dey, kijana aliyekatiza masomo yake Marekani, na Shankar Singh, mwenyeji wa eneo hilo na fundi wa michezo ya vikaragosi, pamoja na mke wake, Anshi. Waliingia katika nyumba ndogo ya udongo. Walikubaliana kuishi kwa posho isiyozidi kima cha chini cha kibarua, na kutopokea fedha za mashirika ya wafadhili. Uamuzi huo uliwajengea imani ya watu. Mwanakijiji aliyewatembelea aliona sufuria ileile na mkate uleule wa nafaka alioacha kwake.

Kazi inapimwa, kipimo kinafichwa

Mwaka huohuo wa 1987 ukame mkali uliikumba India. Kama ilivyo desturi katika majimbo makavu, serikali ilifungua kazi za dharura: kuchimba mabwawa, kusawazisha barabara, kujenga kingo za kuzuia maji. Mkulima aliyepoteza mavuno alibeba karai la udongo kichwani ili watoto wapate kula.

Ujira haukuhesabiwa kwa siku peke yake. Fundi wa serikali alipima kina na upana wa shimo, akaandika vipimo kwenye daftari, kisha malipo ya kundi zima yakakokotolewa kutokana na vipimo hivyo. Ikafika siku ya malipo, vibarua wanaambiwa wamefanya kazi pungufu, kwa hiyo watapata pungufu. Walipoomba kuonyeshwa hicho kipimo, waliambiwa daftari ni mali ya serikali. Nyuma ya jibu hilo ilisimama Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1923, iliyotungwa na wakoloni wa Kiingereza na kurithiwa na India huru.

Tarehe 1 Mei 1990, katika mji mdogo wa Bhim, vibarua na wakulima hao waliunda rasmi chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani Umoja wa Nguvu za Vibarua na Wakulima, kwa kifupi MKSS. Mwaka huo na uliofuata walifunga kula hapo Bhim wakidai kima cha chini. Ahadi zilitolewa, lakini malipo yaliendelea kumegwa. Ndipo walipotambua kwamba wakati wao wanapigania ujira, mwenzao anashika karatasi, na aliyeshika karatasi ndiye anayeaminiwa.

Karatasi zinasomwa kwa sauti

Hapo ndipo ilipozaliwa jan sunwai, kikao cha umma cha kusikiliza. Kwa Kot Kirana, afisa mmoja wa serikali alikubali wanaharakati waone kumbukumbu na kuzinakili. Kabla ya siku ya mkutano walipita nyumba kwa nyumba wakiwasomea watu yaliyoandikwa juu yao. Mkutanoni walialikwa waandishi wa habari, wanasheria na walimu kutoka nje wawe mashahidi. Viongozi waliotajwa nao walialikwa kujibu.

Mbinu hiyo haikuhitaji msikilizaji ajue kusoma. Mama aliyeponda kokoto anajua aliponda siku ngapi na nani alikuwa kando yake. Kilichokosekana siku zote ni kumkutanisha yeye na ukurasa unaomtaja, mbele ya majirani wasioweza kudanganywa. Kati ya Desemba 1994 na Aprili 1995 MKSS iliendesha vikao vitano vya aina hii. Walidai mambo manne: kumbukumbu ziwe wazi, wahusika wawajibishwe, wanakijiji wakague wenyewe matumizi, na fedha zilizoibwa zirudishwe. Miaka michache baadaye, baadhi ya wenyeviti wa mabaraza ya vijiji walirudisha fedha mbele ya umma.

Waandishi wa Delhi walitaka kujua vibarua wana haja gani na makaratasi ya serikali. Mwanachama mmoja wa MKSS, mama aliyesoma madarasa machache tu, aliwajibu kwa mfano ambao India nzima iliukumbuka. Akimtuma mwanawe sokoni na rupia kumi, akirudi humuuliza hesabu. Serikali inatumia mabilioni kwa jina lake. Kwa nini asiiulize hesabu? Kutokana na jibu hilo ikashika kaulimbiu ya harakati: fedha zetu, hesabu yetu.

Siku 40 za Beawar

Tarehe 5 Aprili 1995 Waziri Kiongozi wa Rajasthan, Bhairon Singh Shekhawat, alitangaza bungeni kwamba mwananchi atakuwa na haki ya kupata fotokopi za kumbukumbu za kazi za maendeleo. Mwaka ukapita bila amri yoyote kufika vijijini. Tarehe 6 Aprili 1996, watu wa MKSS waliketi chini katikati ya mji wa Beawar, wakasema hawaondoki.

Walikaa siku 40 katika joto la Rajasthan. Vijiji vilileta nafaka, wauza mboga wa mjini wakatoa mboga, wapita njia wakachanga sarafu. Shankar Singh na wenzake waliimba na kuigiza, na Beawar nzima ikafahamu nini maana ya daftari la vibarua. Wahariri wakubwa walifika na kuandika. Mwaka huohuo likaundwa jukwaa la kitaifa la kudai haki ya habari, na Baraza la Habari la India likasaidia kuandaa rasimu ya sheria.

Mwaka 1997 waliketi tena, safari hii Jaipur, makao makuu ya jimbo, kwa siku 53. Mwishoni serikali ilitamka kwamba amri ya kuruhusu fotokopi ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika gazeti la serikali miezi mingi nyuma. Amri ya uwazi yenyewe ilikuwa imefichwa wasijue walioilalia barabarani.

Rajasthan ilipata sheria yake mwaka 2000. Sheria ya kitaifa ya mwaka 2002 ilipitishwa lakini haikuanza kutumika kamwe. Hatimaye Mei 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Habari, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 12 Oktoba. Mwombaji halazimiki kueleza sababu. Ada katika serikali kuu ni rupia 10, na aliye chini ya mstari wa umaskini halipi. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30, au saa 48 likihusu uhai au uhuru wa mtu. Afisa anayechelewesha bila sababu anaweza kutozwa rupia 250 kwa siku, hadi rupia 25,000, kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya ajira vijijini, iliyoipa kila kaya ya kijijini haki ya siku 100 za kazi za ujira kwa mwaka. Iliagiza kwamba wanakijiji wakague hesabu wenyewe. Yaliyofanywa Kot Kirana yakawa takwa la sheria.

Gharama yake

Haki hii imelipiwa kwa damu. Lalit Mehta, aliyekuwa akisaidia ukaguzi wa kazi za vijijini huko Palamu, jimbo la Jharkhand, aliuawa Mei 2008. Satish Shetty, aliyefichua uporaji wa ardhi karibu na Pune, aliuawa Januari 2010. Julai mwaka huohuo Amit Jethwa, aliyepinga uchimbaji haramu wa mawe kando ya msitu wa Gir, alipigwa risasi Ahmedabad. Sheria nayo imepunguzwa makali. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliipa serikali kuu mamlaka ya kupanga muda wa kazi na mishahara ya makamishna wa habari, na sheria ya mwaka 2023 ya kulinda taarifa binafsi imepanua sababu za kumnyima mwombaji jibu. Wenye kudai hesabu wanalazimika kuilinda haki waliyoipata.

Mbinu yao imevuka bahari. Mwaka 2007 ujuzi wa MKSS ulifika Mombasa, ambako shirika la haki za binadamu la MUHURI liliendesha ukaguzi wa wananchi kuhusu fedha za maendeleo ya jimbo la uchaguzi la Changamwe. Wakazi walishika karatasi za miradi, wakaenda kuikagua kwa miguu, kisha wakawauliza viongozi wao hadharani. Tangu hapo Kenya imeweka haki ya habari katika kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, na mwaka 2016 Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za kupata habari.

Sheria ya aina hii haijitekelezi. Rajasthan ilihitaji watu waliokaa kijijini miaka saba kabla ya kikao cha kwanza, waliowaamini vibarua kuwa mashahidi wa kutosha wa maisha yao wenyewe, na waliokuwa tayari kuketi barabarani siku 40 kwa ajili ya fotokopi. Nasi pwani hii tunazo sheria zilizoandikwa. Mradi wa kisima au zahanati unapotangazwa kijijini, wanaostahili kuuliza umegharimu kiasi gani, nani kalipwa na kwa kazi ipi, ni wale watakaochota maji yake na kutibiwa humo. Waulize, waulize kwa pamoja, na jibu lisomwe kwa sauti mbele ya wote.