Vitabu vya Kale vya Uopoaji wa Hazina Baharini
Vitabu hivi, vingi vikiwa vya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, husimulia kazi ya wapiga mbizi walioopoa dhahabu na fedha kutoka meli zilizozama. Vinavyostahili kutafutwa mno ni viwili vya David Scott, mwandishi wa gazeti la The Times, vilivyotoka London mwaka 1931 na 1932, kwa kuwa mwenyewe alifuatana na Waitalia wa meli ya Artiglio walipoisaka meli ya Egypt, iliyozama mwaka 1922 karibu na Ufaransa, kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Mkusanyaji makini hukagua kwanza karatasi ya nje ya kufunikia jalada, ambayo huchanika upesi, kisha ukamilifu wa kurasa za picha, na madoa ya kahawia yaletwayo na unyevu.